Bati la Biskuti

Kila Jumapili, sokoni Naryn,
Burulcha huuza mayai, hununua kitu kimoja.
Kimoja tu. Juma lile plasta,
juma hili mkasi wa ncha butu,
kisha spiriti, chupa ndogo, aliyoinusa kwanza
kama mtu anunuaye samaki.

Shuka la harusi yake amelichana,
akavichemsha vipande, akavipiga pasi pande zote mbili.
"Bendeji ya dukani," asema,
"ni shuka lenye bei."

Bati lilikuwa la biskuti.
Farasi wa kifunikoni keshabanduka miguu.
Mjukuu wake, Nurdolot, bado hulifungua kwa siri,
hukuta pamba,
hulifunga polepole.

Theluji ikishaziba njia ya mlimani
daktari huwa jina tu,
sauti inayokatikakatika simuni.
Mwaka jana shoka lilimkata Temirbek.
Tulimfunga kwa mfuko wa unga,
na unga ukawa uji mwekundu.
Hilo hatulisemi. Tunahesabu vidonge.

Ndani ya kifuniko amebandika karatasi:
maji yaliyochemka, lita moja,
sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, usizidishe.
Chini yake, kundi la damu la kila mmoja wetu.
Lake ameliacha wazi.

Jana usiku, nikitafuta kipimajoto,
nimegusa kitu chini ya pamba, pembeni:
biskuti moja, imefungwa kwa gazeti,
imefungwa vizuri kuliko mkasi.
Sikuuliza ni dawa ya nini.