Sensa ya Nchi Isiyokuwapo

Mwanangu Idarusi ana miaka kumi na mmoja na nchi yake mwenyewe.
Inaitwa Kwezimbe. Ina milima miwili, joka moja,
na mto ulionyooka kama rula, kwa kuwa aliuchora kwa rula.
Watu mia mbili waliteremka kutoka kwenye barafu, anasema,
na baada ya miaka mia tatu wakatoa jeshi la watu laki moja.

Laki moja? nauliza.
Nimetoka zamu ya usiku, viatu bado miguuni.
Dundee inalowa, ghorofa kumi chini yetu,
na daraja la reli limeingia ukunguni, halijatoka upande wa pili.
Laki moja, anasema. Wenye mikuki. Wapishi sijawahesabu.

Mimi ni mkunga. Nimeajiriwa kuhesabu:
vidole, mapigo, dakika kati ya uchungu na uchungu.
Nikavuta kiti.

Nani anawazaa hao askari?
Wanawake.
Wangapi?
Akatazama dari. Hakuwa ameumba mwanamke hata mmoja
ila malkia, naye ana miaka mia tisa na hajazaa.

Tukaanza upya. Watoto themanini, wazee kumi na watano,
wanawake wa kuzaa arubaini na watano, tuseme.
Kila mmoja sita, nikamwambia, kisha andika pembeni:
watatu hawatafika umri wako.
Kwa nini? Kuna waganga!
Waganga wananawa mikono?
Akafikiri.
Sabuni, akasema, bado sijaivumbua.

Haba na haba, akanikumbusha, hujaza kibaba.
Bibi yake humfundisha hayo kwa simu.
Kweli, lakini kibaba chako kina matundu:
mwaka wa ukame, homa ya mtoni,
mama anayevuja damu usiku
na mlango wa mkunga uko ng'ambo ya mlima.

Ikabaki nusu ya mtu kwa kila watu mia, kwa mwaka.
Nusu ya mtu! Alicheka mpaka akapaliwa.
Kisha akabonyeza kikokotoo mara mia tatu, mwaka kwa mwaka,
maana hakuamini kwamba kuna njia ya mkato.
Mia nane tisini na tatu.
Toa watoto. Toa wazee. Toa wa kubaki kuvuna.
Askari mia na hamsini,
na joka halijala bado.

Alilia, bila sauti, akiwa ameshika penseli.

Jumapili nikampeleka Howff, makaburi ya kale
yaliyobanwa katikati ya mji, nyuma ya maduka.
Mawe yameota kuvu. Kwenye moja, mkasi wa mshonaji;
kwenye jingine, fuvu lenye meno mengi kupita kiasi, alilolipenda.
Halafu jiwe fupi, herufi zimelika, akalisoma kwa kidole:
Elspeth, miezi minne.
Elspeth, miaka miwili.
Elspeth, miaka themanini na mmoja.
Walikosea?
Hapana. Walirudia jina mpaka likashika.

Alisimama pale zaidi ya nilivyotaka.
Maji yalimtiririka kwenye kofia, hakuyafuta.
Mama, ile picha ya kabatini. Ina jina langu,
na tarehe ya kabla sijazaliwa.

Jibu hilo nilikuwa nimelitunza miaka kumi na mmoja,
nimelipiga pasi, nimelikunja vizuri.
Sikuliona.
Siku tisa, nikamwambia. Aliishi siku tisa.

Ndani ya basi alifungua daftari juu ya goti.
Akafuta tatu ya mwisho, akaandika nne.
Mia nane tisini na nne.
Sikumwambia kwamba sensa haihesabu hivyo.
Kazini kwangu nayo haihesabu hivyo, na mimi huhesabu.

Bado ni wachache kwa vita, akasema tulipokuwa tunapanda Hilltown.
Labda wafuge kondoo.
Akageuza ukurasa,
akaanza kulipunguzia joka chakula.