Kichuguu cha Unga

Mjomba alipokufa, macho yote yaligeukia kwangu.
Ndivyo ilivyo kwetu Masasi: mtoto wa dada
hurithi jina, koti, na madeni ya heshima.
Koti lenyewe la kaki, vifungo vya shaba,
lilishonwa enzi za Mwingereza
kwa mtu mnene kuliko wote waliolivaa baadaye.
Kila Mwenye alilipunguza kiunoni,
na nondo nao wakapunguza sehemu yao.

Lakini Namkolela walikaa kikao kabla ya arobaini.
Wakasema: Ukoo tunauheshimu.
Wakasema: Mpwa ni kijana mzuri, analima, halewi sana.
Wakasema: Hata hivyo, safari hii tuchague.

Nibishe nini? Amri zilishaondoka zamani,
mimi sijazaliwa.
Faini ni za baraza, mashamba ni ya serikali ya kijiji,
ugomvi wa ndoa uko kwa shehe na padri.
Kilichobaki ni kumwaga unga chini ya msolo,
kufungua jando,
kupokea wageni wanaokuja na magari,
na kusema neno la kwanza msibani,
neno ambalo halibadilishi kitu
ila likikosekana watu hawajui waanzie wapi kulia.

Kura ilikuwa korosho, moja kwa kila mtu mzima.
Makopo matatu ya rangi nyuma ya pazia la khanga:
langu, la Mkwanda fundi baiskeli,
na la Zuwena Chikumbi, karani wa mizani,
aliyewahi kumwambia mwenyekiti wa chama, mbele ya foleni,
"Toa kidole kwenye sahani."
Tukatandika vitambaa ndani ya makopo
ili korosho ikidondoka isimtaje mtu.

Mama hakupiga kura.
Alikaa kibarazani akipepeta mtama,
akasema: Damu haihesabiwi kwa kopo.

Ilihesabiwa.
Mia mbili thelathini na moja, Zuwena.
Mia moja arobaini, mimi.
Arobaini na moja, Mkwanda, aliyecheka kuliko wote
akataka kuwajua hao arobaini na moja
awazibie pancha bure.
Kisha kura zikapimwa, kilo mbili na ushei,
zikamiminwa kwenye gunia la mnada pamoja na nyingine.
Ng'ambo huko mtu amezitafuna kwa chumvi,
hajui alichokula.

Zuwena alilijaribu koti, akapiga chafya mara tatu.
Akalikunja, akanirudishia.
"Hili ni la kwenu. Mimi nipeni unga."

Mvua zilipochelewa, akaitwa.
Aliumwaga kama anayepima, upesi upesi,
unga ukatambaa chini kama maji.
Mama, ambaye alisema haji,
akatokea nyuma yetu akamshika kifundo cha mkono.
Polepole. Hivi. Uache ujipandishe wenyewe.
Kikasimama kichuguu, cheupe, chenye ncha.

Mila ni kwamba kikilala kizima hadi alfajiri,
wazee wa chini wamekubali.

Usiku nilimkuta Mama mlangoni,
kandambili mkononi, bakuli chini ya khanga.
"Miaka yote ile ya mjomba wako," akasema,
"ulidhani nani alikuwa anakisimamisha?"
Mbwa walibweka upande wa zahanati, wakanyamaza.
Akaketi. Akaliweka bakuli sakafuni.
"Huyu wamemchagua wenyewe.
Wakamtazamie wenyewe."

Alfajiri tulikuta nyayo za kuku.
Upande mmoja umesimama, upande mmoja umelala.
Watu wakamtazama Zuwena, Zuwena akainama,
akakaza macho kama anayesubiri mshale utulie.
"Nusu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi nyuma.

Tangu enzi za koti
hakuna aliyewahi kusomewa kipimo pale.
Mama alikohoa, au alicheka, sijui.
Mvua ilinyesha Jumanne.
Wengine wanasema Jumatano.