Nyayo Ninazo

Baba alifuata ng'ombe walioibwa
kutoka Chipanga hadi mnada wa Msalato:
kwato mchangani, kwato korongoni,
kisha chapa mpya, kidonda kibichi bado,
juu ya chapa yetu.

Mimi nafuata hela chafu
iliyogeuzwa sarafu za mtandao, zisizolia mfukoni.
Daftari lake halifutiki, halijui upepo:
kila hatua ipo, saa na dakika,
pochi hadi pochi,
usiku kucha, feni ikisukuma vumbi.

"Basi kazi rahisi," asema Mwaluko wa dawati la pili.
Rahisi?
Nyayo ninazo zote.
Kinachokosekana ni mguu.

Leo zimeibukia Kibaigwa,
magunia mia nne ya mahindi,
risiti ina muhuri,
na mwenye nayo
ananimiminia maji ninawe.