Jicho la Kuku wa Jirani

Nuremberg, 1764

Ndege alifika ndani ya kasha la tumbaku,
kajazwa nyasi kavu na pilipili manga ili nondo wamwogope.
Nondo hawakujali.
Mguu mmoja ulishonewa nyuma mbele.
Mahali pa macho, pamba.

Bwana Pfister alimchonga kwenye bamba la shaba siku arobaini,
unyoya kwa unyoya, akikohoa,
kisha akaniletea karatasi mia na themanini
na barua ya nahodha aliyemnunua Kayeni:
"Kifua chekundu, mithili ya ini bichi.
Mgongo kijani. Mkia sikumbuki."

Ini la nani, nahodha? La ng'ombe? La bata?
Nilikwenda buchani na kikopo changu cha rangi.
Ottmar mchinjaji akadhani nimerukwa na akili,
nusu saa nimelikodolea ini
na sinunui.

Wekundu nikaupata. Kijani nikakisaga kutoka kutu ya shaba,
wanangu nikawakataza kunishika vidole.
Mkia nikaupaka buluu, kwa kuwa buluu ilibaki.
Lakini jicho.
Ndege asiye na jicho ni nguo iliyoanikwa,
na malipo ni kwa karatasi iliyokamilika:
kreutza mbili, mshumaa juu yako.

Asubuhi nikashuka uani.
Kuku wa Walburga alikuwa akichakura majivu.
Akageuza kichwa upande, kama wafanyavyo,
akanitazama:
duara la rangi ya chungwa, katikati tone jeusi,
hasira ndogo isiyo na sababu.
Nikapanda nalo ngazi mbio, lisije likanimwagika.

Mara mia na themanini nikaliweka.
Kuku mwenyewe aliliwa sikukuu ya Mtakatifu Martin,
nami nikaletewa bawa.
Jicho lake likasafiri na farasi wa posta,
likafika Paris, likafika Petersburg,
likakaa rafuni kwa watu wenye mawigi,
na mmoja wao akaandika kwa Kilatini:
jicho, rangi ya chungwa lililoiva.
Nilisomewa na mwanawe Pfister. Nikainamia brashi.

Mwaka wa tisa, kwenye gulio la Pasaka,
mtu na tundu lake.
Ndani yumo, hai, ananuka, anajikuna.
Kifua ni ini kweli, nahodha hakusema uongo.
Mkia wa kahawia, kama ganda la mkate wa shayiri.
Na jicho jeupe.
Jeupe pe.

Bwana mwenye fimbo ya fedha alifungua kitabu,
akapekua, akafika kwenye ukurasa. Niliujua,
ule niliouangushia tone la supu ukingoni.
Akatazama kitabu, akatazama ndege, akafunga.
"Siye huyu. Wa bandia."
Mwenye tundu akapunguza bei. Akapunguza tena.

Ulimi ulinijaa kinywani.
Nina watoto wanne, na Pfister hulipa Jumamosi.

Usiku ule zilibaki karatasi tatu za toleo la pili.
Katika moja jicho sikuligusa,
nikaacha weupe wa karatasi utazame wenyewe.
Jumatatu ikarudi: "Haijakamilika."
Kreutza mbili zikakatwa.

Nimeibandika ukutani, juu ya jiko.
Moshi unalifanyia kazi lile jicho, polepole, bila malipo.
Mwaka jana lilikuwa rangi ya siagi.
Leo nimelitazama tena,
linaelekea chungwa.