Nambari Kumi na Tisa

Binamu yangu Thureya kanifunza usiku kucha:
"Usivae dhahabu. Kaa nyuma.
Bei yako iandike kiganjani, halafu funga ngumi.
Na usiulize ni ya nani.
Wewe uliza mita."

Basi nimekuja Ibra, Jumatatu ya Julai,
usukani hauguswi kwa moto,
na mkobani nina hundi ya benki:
miaka ishirini na saba ya chaki,
imekunjwa mara mbili.

Ukumbi wa mahakama una baridi ya duka la nyama.
Kijana anapitisha kahawa na tende,
nami nashika kikombe nisijue
nakunywa ya harusi au ya matanga.
Kukopa harusi, walisema wetu, kulipa matanga;
hawakusema mnunuzi akae na akina nani.

Dalali ana kilemba cha zambarau,
simu mbili, sauti moja kavu.
Kiwanja cha Mudhaybi, kimekwenda.
Duka la Sinaw, limekwenda, na rafu zake.
Kila kitu kinakwenda, na hakuna anayesimama.

"Nyumba. Ibra. Vyumba vitano, kisima,
uzio wa matofali. Deni la benki.
Tunaanza elfu ishirini na mbili."

Mkono wangu ukaniacha.
Naapa, niliuona juu, na kibao chake,
kumi na tisa, kama mkono wa mwanafunzi
anayedhani anajua jibu.

Ishirini na tano. Yule wa miwani.
Ishirini na saba. Mimi.
Ndipo nyuma yangu, chini chini,
mwanamume akamwambia mtoto
kwa Kiswahili, kile cha jikoni kwa bibi,
chenye chumvi na mikono yenye unga:
"Kaa vizuri, mwanangu.
Ile sasa nyumba ya watu."

Sikugeuka.
Nilifungua ngumi nitazame bei yangu;
jasho lilikuwa limeisoma kabla yangu.
Elfu thelathini, nadhani. Au thelathini na tatu.
"Thelathini na moja na mia nne,"
nikasikia sauti yangu ikisema,
na yule wa miwani akavua miwani,
akaifuta, akanyamaza.

Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Nyundo ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Alikuwa kando ya mashine ya maji,
kanzu imepigwa pasi kwa hasira,
kwenye mikunjo unaona.
Nilisema "Ya Rabbi, nimefanya nini,"
peke yangu, nilidhani.
"Kumbe mwenzetu," akasema.
Jina lake Mahfudh. Mama yake mzaliwa wa Wete.
Wangu wa Chake. Tukacheka kidogo,
kisha tukaona haya ya kucheka.

Karani alisema siku thelathini.
Yeye akasema, za nini?
akatoa funguo mfukoni, zingali na joto lake.

"Bomba la jikoni lina wazimu:
lizungushe kushoto, halafu lisemeshe.
Chumba cha mashariki usimlaze mzee,
saa tatu ya asubuhi tu, tanuri.
Na mndimu usiukate.
Haujafa ule, umechelewa."

Thureya hakunifunza hapa niseme nini.
Nikasema, "Haya."
Nilikuwa na maneno mengine. Yalikataa kutoka.

Mtoto akamvuta kanzu: "Na paka?"
Mahfudh akatazama dari, akatazama viatu.
"Paka hakuandikwa," akasema.

Garini niliisoma hati mara tatu.
Kuta, milango, kisima, mita ya umeme,
riyali sitini na mbili za umeme usiolipwa, zangu sasa.
Kweli, paka hakuandikwa.

Nikasimama dukani, kabla ya njia ya Muskat.
Kopo la jodari, baisa mia nne na hamsini.
Nikageuza gari.
Hili Thureya sijamwambia.