Vidole vya Zambarau

Harusini, mtaa wa Kuze, wananishika mkono:
"Mishi, hina gani hii, imekuingia hadi kuchani?"
Nacheka. Si hina, somo. Wala si piko.
Ni moyo wa mti wa ng'ambo, uliopikwa ukawa wino,
nami huumwaga kila siku huko Makadara,
chumba cha chini, dirisha moja, feni ya kutazamwa tu.

Kipande huja ndani ya chupa, kimelowa fomalini,
hakizidi punje ya kunde.
Kina namba. Jina liko kwenye karatasi,
na karatasi huilaza kifudifudi,
kama nilivyofunzwa: kwanza kazi, kisha mtu.
Nakitoa maji kwa spiriti, daraja kwa daraja,
nakizamisha katika nta ya moto,
kikiganda nakikata wembamba
ambao ganda la kitunguu mbele yake ni ubao.
Utepe unaelea juu ya maji vuguvugu.
Nauopoa kwa kioo, pumzi nimeibana,
maana chafya moja hapa
ni mgonjwa kurudi chini ya kisu.

Na kikiwa kitupu hivyo, huoni kitu.
Hilo watu hawaliamini.
Hadubini ya bei ya gari, taa, lenzi,
na mwili wa mwanadamu uko pale pale,
umejificha ndani ya uwazi wake.

Bibi yangu alikuwa akichemsha ukindu,
sufuria kuukuu, moshi, mikeka ya kuuza Marikiti.
Mimi na haraka zangu, nataka kuutoa.
"Rangi haipakwi," akinambia, "hunywewa.
Na ukindu una kiu yake. Uwate uchague."

Dakika nane katika wino.
Chovyo moja la asidi. Moja.
Kisha maji, yapite, yapite,
hadi wekundu ugeuke buluu.

Maji yenyewe ndiyo hayo: mfereji umekohoa,
ukanyamaza, leo siku ya tatu.
Ngowa akasukuma mkokoteni hadi mlangoni,
mitungi kumi ya njano, maji ya kisima,
chumvichumvi ya jiwe la matumbawe,
yanayokataa povu, yanayoharibu chai.
"Haya si ya hospitali, dada," akasema, macho chini.
Nikamimina.
Buluu ikaja.
Buluu ambayo mfereji haujapata kunipa,
kila kiini na mpaka wake, kama kimechorwa kwa sindano.
Jiwe la mji huu lilikuwa na dawa yangu
na mimi miaka yote nalilaumu kwa chai.

Nikatia eosini, waridi ikajaza pengo.
Nikamwita Ngowa atazame alichokileta.
Akafumba jicho, akakosea, akafumba la pili.
Akakaa kimya sana.
"Huyu ni nani?" akauliza.

Hakuuliza ni nini.

Nikainama nitazame mwenyewe.
Seli njema hupanga safu kama waumini,
bega kwa bega, kila mmoja na nafasi yake.
Hizi zilikuwa zinasukumana mlangoni,
viini vimevimba, vimekunywa wino kupita kiasi,
vingine viwili viwili katika nyumba moja.
Kusoma si kazi yangu. Husoma Daktari Taibali,
naye huja Jumatatu.
Mimi natia rangi tu.
Nikaigeuza karatasi.

Sasa Jumamosi, Kuze, kelele za vigelegele,
na Bi Barke, mchora hina wa mtaa mzima,
ananivuta nikae mkekani mbele yake.
Yeye haulizi hina gani.
Anazijua rangi. Anakigeuza kidole changu kwenye mwanga,
anakinusa, anakiacha.
"Imekolea," anasema.
Nasema, "Imekolea, Bi."
Mkono wake wenye bendeji ndogo chini ya kwapa
haufiki mbali, hivyo nausogeza wangu.
Anachukua kijiti, anaanza ua la kwanza
papo hapo, juu ya zambarau.