Nyumba ya Makufuli

Tuna makufuli elfu moja mia moja na arobaini
na mimi, Drahomira, nayajua kwa uzito wake mkononi:
lile la ghala la chumvi, lile la sanduku la mahari,
lile dogo kama kunde
ambalo mhunzi aliifungia shajara ya bintiye
kisha akaupoteza ufunguo kwa makusudi.

Lakini tovuti yetu, tovuti ya nyumba ya makufuli,
imefungwa, nasi tuko nje.
Kinyozi hajinyoi.

Aliyeijenga ni Ctibor, mpwa wa meya,
kwa kreti mbili za bia.
Akahamia Ostrava. Akaoa. Akabadili namba ya simu.
Nywila akaondoka nayo
kama mtu aliyebeba mwavuli wa wenzake bila kujua.

Kwa hiyo huko mtandaoni bado ni kiangazi cha miaka tisa iliyopita.
Kiingilio ni kile kisichonunua hata kahawa,
na marehemu Vendelin, mlinzi wetu,
bado anatabasamu kando ya mlango
akiwaambia watu wampigie simu.
Wanapiga. Mjane wake, Otilia, hupokea.
Huwaelekeza taratibu: pindeni kulia penye kanisa,
na msiegemee reli, rangi bado mbichi.
Reli hiyo ilipakwa rangi mwaka aliofariki mumewe.

Januari, Jumatatu, familia kutoka Brno ilikanyaga theluji
kwa kuamini saa zetu za kufungua.
Mtoto alibandika kiganja kwenye kioo.
Nilimfungulia nikiwa na ndala, bili za gesi mkononi,
na jioni ile nikaiandikia bodi.
Wakatoa euro elfu mbili na mia tatu.
Wakasema: tafuta mtu.

Wa kwanza alitoka Bratislava, viatu vyake havijawahi kuona tope.
Makufuli yetu yaliruka kwenye skrini yake kama nzi.
Alitamka "ubunifu" mara kumi na moja;
nilihesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Nikauliza: nikitaka kubadili saa za kufungua?
Unatuandikia, tunabadilisha, tunakutumia ankara.
Nikamwona Ctibor, safari hii kavaa tai.

Wa pili hakuja. Alituma bei ya kutupa
na mfano: tovuti ya duka la vigae vya bafuni,
jina la duka kalifuta, letu kaliweka.
Chini kabisa alisahau mstari mmoja:
*Haviteleshi hata vikilowa.*

Wa tatu, Radoslava, alikuwa na mafua.
Kompyuta hakuifungua. Alisema, naomba nione kwanza.
Saa nzima akatembea, leso puani:
nani huja? nani hushindwa kuja?
asiyeona, picha hii itamwambia nini?
na jina la tovuti, limesajiliwa kwa nani?
Sikujua. Niliona haya mbele ya makufuli.

Kwenye lile la ghala la chumvi akasimama.
Tundu tatu, funguo tatu, watu watatu:
meya, padri, mpima chumvi,
na halifunguki mpaka wote wawepo.
Alicheka hadi akakohoa.
"Mkataba wenu huu hapa," akasema.
"Nywila moja kwako, moja bodi, moja kwangu.
Nikimaliza kazi, badilisheni kitasa changu."

Aprili nikaketi peke yangu, nikaandika neno la siri,
na mlango ukanitii.
Nikarekebisha kiingilio. Nikarekebisha saa.
Nikaifuta namba ya Vendelin.

Wiki mbili, kisha simu ya ofisini ikalia.
"Drahomira," akasema Otilia, "hawapigi tena.
Mmefunga?"

Nilikuwa na nywila. Sikumwandikia mtu, sikungoja ankara.
Chini ya saa za kufungua nikaongeza:
*Kwa maelekezo ya njia, mpigie Bi Otilia.*
Namba ileile.

"Ila ile reli," nikamwambia, "rangi ilishakauka."
"Najua," akasema. "Najua."